Mdomo wa Pampu

Shamba la pamoja lilipogawanywa
wengine walipata ng'ombe, Zaiga akapata trekta lisilo na gurudumu,
mimi nikapata pampu.
Miaka thelathini na kitu inavuta maji ya mto Abava
hadi kwenye matango yangu chini ya kioo,
na mdomo wake hauna jamaa duniani:
si inchi, si nusu yake,
ni kipimo cha kiwanda kilichokufa na mafundi wake.

Mpira wa zamani ulipasuka mwezi Mei.
Dukani Kandava kijana alijaribu viungio vyote vya ukutani,
akakuna kichwa. "Mama, hiki hakipo."
Kama hakipo, nikamwambia, basi kitakuwepo.

Austris wa maktaba alinifungulia programu,
akanionyesha jinsi ya kuchora duara, akaenda kupanga vitabu.
Nikabaki na weupe.
Nimepanda, nimekamua, nimezika;
sijawahi kuogopa uwanja mtupu namna ile,
na mishale mitatu pembeni, mwekundu, wa kijani, wa buluu,
kila mmoja ukidai ndio unaojua juu ni wapi.

Nikachora. Nikaandika 27.
Nikalivuta duara likainuka mnara,
nikautoboa mnara ukawa bomba,
nikacheka peke yangu maktabani
kama mtoto aliyepiga mluzi wake wa kwanza.

Printa ikanung'unika saa tatu nzima.
Kilichotoka kilitosha kuwa bangili.
Programu iliuliza nusukipenyo, mimi nikajibu kipenyo:
swali hili, jibu la swali lile,
kama ndoa yangu ya kwanza.
(Kiko dirishani, juu ya kisahani. Kinaotesha bizari.)

Cha pili kilikataa kuuvaa mdomo.
Milimita ishirini na saba kwa ishirini na saba, kamili,
na kamili ndiyo iliyokuwa kosa.
"Achia pumzi," alisema Austris,
"robo ya milimita."
Karatasi mbili tatu za daftari.
Sikujua kwamba hewa nayo huchorwa.

Wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Langu halikuvunjika;
uhunzi ndio nilikuwa sijauanza.

Cha tatu nilikichonga meno upande wa mpira,
yameinama nyuma kama magamba ya samaki,
yakubali kuingia, yagome kutoka.
Nikanyoa kingo. Nikanenepesha ukuta.

Jana nikakisukuma, nikakaza kibano, nikawasha.
Pampu ikakohoa,
mpira ukajinyoosha kama paka aliyeamka,
matango yakanywa.

Chini ya kiungio linaning'inia tone.
Linajaa, linafikiri, linaanguka.
Nimelihesabu: moja kwa dakika.
Zaiga anasema niliache,
tone halijamfukarisha mtu.
Lakini kalipa iko mfukoni, nimeifunga kwenye soksi,
na maktaba inafunguliwa saa nne.