Kidole Gumba

Mashine imekataa tena.
Nimekifuta kwa leso, nimekitemea mate,
nimekisugua kwa limau la yule kijana wa mlangoni
(kila siku ya malipo huja na gunia zima, mjanja huyo),
nimekibonyeza hadi ukucha ukawa mweupe.
"Nyanya, jaribu kingine."
Vidole kumi, na hakuna hata kimoja kinachonifahamu.

Miaka arobaini na sita nimefinyanga Ilesi.
Udongo hauli kwa pupa. Hulamba tu,
leo mstari, kesho mstari,
mpaka ngozi ikawa laini kama shingo ya mtungi.

"Kuna njia nyingine," akasema kijana wa benki,
akazihesabu kwa vidole vyake, ambavyo bado vina mistari.

Simu.
Ninayo, ya vitufe, nimeifunga kwa raba.
Namba ya siri anaijua Lihanda, mjukuu,
na kinachojulikana na Lihanda si siri.
Machi pesa ziliingia saa tatu usiku;
kulipokucha palikuwa na viatu vipya mlangoni.
Sikumkaripia. Vilikuwa vya shule.
Ila hata mimi nilitaka kuulizwa.

Mtu wa kunichukulia.
"Taja jina la unayemwamini."
Jina hilo liko msalabani, nyuma ya migomba,
tangu mwaka wa ile mvua ya mawe.

Wakala, basi. Shisanya wa Khayega.
Huyo hahitaji kidole, anajua kikohozi changu.
Lakini chini ya kaunta ana daftari,
nami nimo: sukari, mafuta ya taa, betri.
Elfu mbili ikifika kwake
huvua viatu, ikaketi.

"Njooni nyumbani," nikasema.
"Wakati wa kura mlinifuata hadi jikoni.
Kidole hikihiki mlikichovya wino,
hakuna aliyeuliza kina mistari mingapi."
Akacheka kidogo, akatazama foleni.

Juzi nilirudi na chungu ndani ya gunia,
kile cha busaa, cha mwaka nilioolewa.
Nikakiweka juu ya kaunta.
Chini ya mdomo, pale ninapokishika nikimaliza,
kuna kishimo cha kidole gumba.
Mistari yote imo. Imechomwa moto, haifutiki.
"Haya," nikamwambia, "ionyeshe mashine yako."

Mashine haisomi udongo.
Ila kijana aliingiza kidole chake mle kishimoni
akakiacha humo,
hata Mzee Shitsukane nyuma yangu akanung'unika
kwamba wengine wetu tuna ng'ombe wanaongoja kukamuliwa.
Kisha akainama, akatoa fomu ya buluu,
ya wasiosomeka na mashine.
Kumbe ilikuwa droo ya chini siku zote.

Chungu nilirudi nacho.
Alitaka kukinunua.
Nikamtajia elfu mbili.