Kamera ya Mihayo

Nimeing'ata betri ya rimoti pembeni
kama alivyonifundisha kaka,
nikaianika juu ya bati hadi saa saba.
Kamera ikakohoa, ikatoa pua yake,
ikaniuliza tarehe.
Sikuijibu. Haijawahi kujibiwa.
Kwake kila siku ni mosi Januari, elfu mbili na tano:
harusi ya Nyanzala, msiba wa mzee Lugendo,
kipaimara, mahafali, treni iliyochelewa siku mbili
na abiria wakipika uji kando ya reli,
wote siku moja,
kwa tarakimu za rangi ya chungwa, kona ya chini kulia.

Megapikseli nne. Vijana wa Isevya huicheka,
kisha huja kuiazima.
Wanasema simu zao zinawapaka poda bila kuombwa,
zinamulika hata kivuli kilichotaka kujificha.
Hii haiwezi.
Giza inalitia punjepunje,
uwele uliomwagika kwenye mkeka mweusi.
Flashi ikipiga, wa mbele anageuka unga,
wa nyuma anabaki macho mawili mekundu.
Lakini saa kumi na moja, jua likiwa limelegea,
ngozi zetu inazipa rangi ya asali mpya,
ile unayoinyanyua kwenye chupa
ukauona mkono wako upande wa pili.
Na ukiielekeza juu, matawini,
kila jani linaota ukingo wa zambarau
ambao haupo.

Hapo ndipo kesi yetu ilipoanzia.

Picha moja: mama jikoni Ng'ambo, anatwanga karanga,
uso umetoka nusu, mchi umekuwa ukungu.
Kitenge chake buluu.
Buluu ya jalada la daftari, haina mjadala.
Nyanzala anasema zambarau.
Anasema alikuwepo kikinunuliwa kwa Hirji,
alikibeba kichwani hadi nyumbani.
"Hiyo kamera haijui zambarau. Inaipaka pasipokuwepo,
na ikikutana nayo ana kwa ana, inasema buluu."
Nami nilikuwa na miaka mitatu. Ninachokumbuka
ni hiyo picha.
Mihayo angetuamua,
lakini Mihayo alipanda treni ya Mpanda
akaacha kamera ndani ya soksi
na soksi ndani ya kiatu, kimoja.

Jumamosi tumefungua ndoo ya asali ya mwaka juzi.
Mdomo wake umefungwa kwa kitambaa.
Nyanzala akakitambua kabla yangu, akanyamaza.
Tukakiosha, tukakipeleka mlangoni.
Si zambarau. Si buluu.
Rangi ya maji ya kufulia
yaliyosahaulika kwenye beseni.
Basi tukabaki hivyo, wawili, na kitambaa kinatona miguuni,
hadi alipochukua wembe akafumua pindo,
na mle ndani, ambamo jua halikuwahi kuingia,
uzi.
Nao ulikuwa zambarau kweli, zambarau ya bilinganya
iliyochumwa na umande wake.

Sikusema umeshinda.
Niliulaza uzi juu ya kiganja chake,
nikarudi nyuma hatua moja, nikabonyeza.
Kioo, kikubwa kama stempu, kikafikiri.
Mosi Januari.
Kiganja cha asali.
Buluu.

Nyanzala akaitazama sana.
Akasogea karibu na mwanga.
"Piga tena," akasema.