Orodha ya Mali

Meza sita. Viti kumi na kimoja,
kimoja hakina mgongo.
Kabati la chuma, ufunguo umevunjikia ndani.
Mkuu kasema: andika vyote, hata vya uani.
Nikatoka uani na kalamu yangu.

Sanamu, moja. Mwanamke. Marumaru.
Amesimama nyuma ya nyumba hii, hapa Wete,
tangu enzi ya mabwana shauri,
vazi la jiwe limemshuka begani,
ukoga wa kijani shingoni,
na mjusi kafiri anataga kwenye mkunjo wa kiuno.

Babu yangu, Shaame Faki, ndiye aliyemtoa
katika sanduku la mbao lililojaa majani makavu.
Akainamisha macho, akauliza:
"Huyu nani, na kashika nini?"
"Bibi wa mavuno," akajibiwa. "Kashika ngano."
Babu hakuwahi kuona shamba la ngano;
akafahamu hadithi.
Miaka ishirini alimwagilia maua miguuni pake
akingoja aianze.
Alipochoka kungoja akaanza yeye: "Paukwa!"
Jiwe halikuitika.

Bibi Mize, mkewe, hakumpenda.
Kila ulipoandama mwezi wa Ramadhani
alikuja na kanga kuukuu, akamfunga kifuani.
Bwana akaifungua.
Bibi akaja na nyingine.
Zilikwenda kanga tisa, hata bwana mwenyewe
akahamishwa, akaondoka na mbwa wake,
huyu akamwacha.

Kisha usiku mmoja wa masika
tawi la mfenesi likaanguka,
likaondoka na mkono wa kushoto.

*Thamani:* nimepaacha patupu.
*Hali:* mkono mmoja haupo.
*Ulipo:* haujulikani.

Uongo huo. Najua ulipo.

Jioni, nyumbani Jadida, karafuu zimeanikwa,
upepo umeinua pembe ya jamvi,
mama anapiga kelele jikoni: "Lete mkono!"
Nauchukua nyuma ya mlango,
mzito kama mtoto aliyelala,
nauweka juu ya pembe ile.
Vidole vinne, cha tano kilikatika
tulipovunjia nazi, mimi na Asaa,
tukachapwa.
Hivyo vinne bado vimeshika ngano,
na mpaka kwenye kucha
vinanuka karafuu.

Upepo umetulia, upande ule mmoja tu.
Mama anauliza leo kazini tulifanya nini.
Namwambia: tulihesabu viti.