Sambaza

Siku ya kwanza sokoni Kibuye
nilitandika gunia, nikamwaga dagaa wangu wakavu,
nikapaza sauti kama kwetu Bukavu:
"Sambaza! Sambaza hapa!"
Kijana mmoja akasimama, akachomoa simu.
"Mathe, nikusambazie ngapi? Ishirini?"

Mstari mzima ukaangua kicheko,
nami nikacheka, maana asiyejua kinachochekwa
hucheka kwa sauti kuwashinda wote.

Kumbe hapa sambaza ni salio la simu,
alitumalo mwenye nalo kwa asiye nalo.
Kwetu sambaza ni samaki wa Ziwa Kivu,
mwembamba kama njiti ya kibiriti,
wa kukaangwa kwa chumvi na pilipili,
aliyekuwa kwenye sahani yetu usiku ule
mbwa wa jirani waliponyamaza wote kwa pamoja.
Hatukumaliza kula.

Sitausimulia usiku ule.
Watu wa ofisi wameshausikia mara nne,
wakauandika kwa kalamu isiyokoza wino,
wakaniambia, Nabintu, rudi Jumanne.

Nitasimulia gorogoro.
Nyar Alego ndiye aliyenifundisha gorogoro,
kopo lile la mafuta lililogeuka mizani:
namna ya kulijaza mpaka lifanye kichuguu,
namna ya kutumbukiza kidole gumba mteja asione.
(Hilo la kidole sikulifanya. Labda mara mbili.)
"Sema omena," akaniambia.
Nikasema omena.
Ulimi ukajikwaa, ukajipangusa vumbi.

Jina langu lilikuwa geni mno kwa soko.
Wakaniita Nyar Kongo, binti wa Kongo,
ila kwa Kijaluo kong'o ni pombe,
na ulimi wa soko hauna subira.
Walevi wa nyuma ya kinu cha kusagia
wakawa wananiamkia kwa heshima kubwa,
kama shemeji anayetarajiwa kuja na mtungi.
Miaka miwili nilikuwa binti wa pombe,
miye nisiyeonja hata divai ya kanisani.

Kisha ile mvua ya Manyatta,
maji yamefika usawa wa godoro,
uchungu unanikata kiuno,
Nyar Alego ananipakia kwenye bodaboda:
"Rasha! Mpeleke Rasha, haraka!"
Nikalia njia nzima.
Nilidhani wananihamisha tena,
nchi nyingine, foleni nyingine, baridi, na koti sina.
Kumbe Rasha ni hospitali.

Huko alizaliwa Nsimire, yaani nashukuru,
na muuguzi akaongeza Akoth, kwa sababu ya mvua.
Akauliza jina la baba. Nikalitaja.
Akauliza yuko wapi.
Kalamu ikasubiri,
kisha ikaruka mstari.

Sasa Akoth ana miaka saba na ananisahihisha.
"Mama, si miye, ni mimi."
"Mama, si aksanti."
Anahesabu faida yangu kwa Kijaluo,
anasali kwa Kiswahili, anaota sijui kwa lugha ipi.
Kwa Kishi anajua jina lake tu,
na neno moja la bibi yake
lisilosemwa mezani.

Jana dada yangu Mapendo alipiga kutoka Kadutu.
Paa limeezuliwa, mtoto wa pili ameanza shule,
na je, huko ninakula sam—
Sauti ikakatika. Salio.

Akoth akaninyang'anya simu.
"Msambazie basi!"
Haivuki mpaka, nikamwambia.
"Na samaki?"
Hata yeye.
Akachota omena kiganjani, akawatazama
kama wanaodaiwa jibu.
"Sasa wewe ulivukaje?"

Mteja alikuwa amesimama, kikapu mkononi.
Nikajaza gorogoro mpaka ikafanya kichuguu,
nikaongeza konzi moja,
nikaongeza ya pili.