Kidirisha cha Bafu

Mfereji wa bafu ulianza kulia mwezi wa pili.
Tone. Kimya. Tone.
Nikaukaza, ukatulia siku mbili.
Nikaukaza zaidi, ukafanya ukaidi,
hadi kiganja changu kikabaki na chapa ya mpini
na ndoo ikawa inafurika kabla jogoo hajawika.

Kageha akanipigia simu: Mama, Ambani atakuja.
Ambani ni fundi, Mbale nzima inamjua,
lakini ni mkwe wangu,
na mkwe haingii bafuni mwa mama mkwe
hata bafu likigeuka ziwa.
Miaka minane amekunywa chai kwenye kiti cha mlangoni,
macho kwenye zulia.
Habari za safari. Nzuri.
Mengine yote tumemwachia Kageha.

Alikuja Jumamosi, akazunguka nyuma ya nyumba,
akajipenyeza kati ya lile jiwe kubwa na ukuta.
Nilijua amefika kwa kikohozi.

"Mama, nimefunga maji kwenye mita.
Fungua mfereji uteme yaliyobaki."
Ukatema, ukakoroma, ukanyamaza.
"Ziba tundu la beseni kwa kitambaa.
Parafujo ni ndogo, na tundu lina uchu."

Mkono ukapanda dirishani, ukaweka bisibisi,
ukashuka.
Nikangoja ushuke kabisa ndipo nikaichukua.
Vivyo hivyo spana. Vivyo hivyo kopo la grisi.
Ile kingo ya saruji, pana kama sahani,
ikawa mshenga wetu.

Nikabandua kifuniko cha buluu, nikatoa mpini.
Nati ikagoma.
"Kushoto, Mama."
"Ni kushoto ninakoenda!"
Nikaibana, nikaegemea kwa uzito wangu wote wa kustaafu,
nikasahau nani yuko nje:
"Toka, wewe! Nimezalisha wagumu kukushinda!"

Nyuma ya ukuta, kimya.
Kisha sauti ya mtu anayeficha kicheko ndani ya kofia.

Ikatoka.
Shina la shaba, urefu wa kidole cha kati,
limeota ukungu wa kijani shingoni,
na mwisho wake raba nyeusi
iliyochimbika duara, ngumu kama kwato.
Nikaiweka kingoni. Mkono ukaichukua.

"Hii haikulegea, Mama. Hii imekazwa mno."
Sikujibu. Nilitazama kiganja changu.

"Hesabu meno pale juu, panapokaa mpini.
Nimebeba mashina matatu, sikujua lako ni lipi."
Akalirudisha. Nikahesabu kwa ukucha, nikarudia,
kama nilivyohesabu vidole vya Kageha
usiku ule nikiwa mimi ndiye mgonjwa na si nesi.
"Ishirini."
"Ishirini," akasema, kama mtu aliyepewa jina la mtoto.

Shina jipya liling'aa mpaka nikaona haya kulipaka grisi.
"Tia kidole kwanza, pale linapokalia. Pana mkwaruzo?"
"Laini."
"Lianze kwa mkono, si kwa spana. Likikataa, litoe, uanze tena."
Likakataa. Nikalitoa. Nikaanza tena.
Alingoja bila kukohoa.

Alinieleza, bila kuulizwa, kuhusu bomba la shule ya Chavakali
lililotoa chura mzima.
Nilimweleza kuhusu sindano za kuchemsha,
na usiku wa taa ya chemli na mapacha.
Jua lilihama kutoka kwenye jiwe.
Kuku walipita kati ya miguu yake, niliwasikia.

"Sasa nakwenda kufungua maji polepole.
Ukifunga, funga tu hadi ligusane. Basi."

Bomba likatikisika ndani ya ukuta, likapiga chafya,
maji yakaja na kahawia kidogo, kisha meupe.
Nikafunga kwa vidole viwili.
Nikatazama mdomo wa mfereji.
Nikatazama tena.
Ulikuwa mkavu kama karatasi.

Kikohozi, chini ya dirisha.
"Mama? Bado unadondoka?"

Nikaketi kwenye ndoo niliyoigeuza,
nikafuta mikono kwa leso, taratibu.
"Bado kidogo," nikasema.
"Hebu nimalizie ile ya chura."