Dau la Chungwa

Kwetu Norwei, Pasaka ikifika, watu hupanda milimani
na ski begani, machungwa kwenye shanta,
na maiti mmoja ndani ya kitabu.
Usiniulize kwa nini. Mama yangu pia hajui.
Wengine hufunga; sisi husoma mauaji.

Kibanda chetu kina chumba kimoja na nusu.
Choo kiko nje, mita thelathini za theluji na majuto.
Juu ya rafu, kati ya kopo la nta na karata pungufu,
inakaa riwaya ileile, jalada limeungwa kwa plasta ya vidonda:
mwenyekiti wa chama cha wafuga kondoo
amekutwa kifudifudi kwenye keki ya harusi isiyo yake,
na haamki.

Mpelelezi si polisi. Polisi yupo,
anatafuta kofia yake mpaka ukurasa wa tisini.
Mpelelezi ni Bi Petrine, fundi wa kurekebisha piano,
miaka sitini na minane, baiskeli, soksi za rangi mbili.
Kila sebule mjini ina piano, kila piano ina kasoro,
basi hakuna mlango asioingia.
Anagonga noti, anainamisha kichwa, anakunywa kahawa ya watu,
na watu, wakidhani anasikiliza nyuzi,
humwaga ya moyoni.

Nampenda kama unavyompenda jirani mmbea
ambaye umbea wake, kwa bahati, una faida.
Damu hakuna humu. Kuna makombo.
Kuna noti ya la iliyokataa kulia,
imegandishwa kwa sukari ya lozi.
Hata muuaji ana adabu:
alifunga mlango taratibu asimwamshe paka.

Ila sisomi peke yangu.
Pembeni mwa kurasa kuna penseli za wafu na walio hai.
Ukurasa wa thelathini, shangazi Borghild: "Ni kasisi!"
Wa hamsini na nane, mwandiko uleule, umenywea: "Si kasisi."
Mjomba Eivind amemshuku kila mtu, hata farasi.
Na ukurasa wa arobaini na moja, herufi ndogo, wima
kama nguzo za uzio:
"Mwoka keki. Naweka dau la chungwa moja."
Babu Halvard, mwaka sabini na nne. Sikumkuta.

Usiku wa Ijumaa Kuu nikamaliza,
upepo ukisukuma mlango kama mdai.
Sitakwambia nani alifanya.
Nitakwambia tu kwamba chini ya neno la mwisho
babu aliandika: "Chungwa langu liko wapi?"
na kwa miaka hamsini hakuna aliyemjibu.

Deni la marehemu ni deni.
Nikachagua moja, zito, lenye kitovu,
nikaliweka dirishani, pale alipokuwa akikaa,
nikazima taa.

Asubuhi halikuwepo.

Bi Petrine asingepiga kelele. Angeomba kahawa.
Nikaomba kahawa.
Nyuma ya kikapu cha kuni, ganda lililochanwa kwa meno.
Kwenye kioo, alama za vidole vitano vifupi.
Mezani, mpwa wangu Jostein, miaka sita,
akila uji kwa utulivu usio wake,
na aliponiamkia, pumzi yake
ilinukia bustani nzima ya Hispania.

Kikulacho ki nguoni mwako;
hiki kilikuwa ndani ya pajama za bluu.

Sikumkamata. Nilichonga penseli,
na chini ya swali la babu nikaandika:
"Limelipwa. Amepokea kitukuu."

Akaja kuchungulia, kidevu kikinata.
"Umeandika nani alifanya?"
Nikamwambia avute kiti.
Tukaanza ukurasa wa kwanza, mimi nikisoma, yeye akikunja uso,
na keki haijafika hata mezani
alininong'oneza, kwa uhakika wa hakimu:
"Ni farasi."