Mguu wa Nne

Tegwen ndiye mpiga picha. Mimi ni mpagazi:
miguu mitatu ya kamera begani, chupa ya chai kwapani,
na mfukoni mkate wa zabibu aliouoka jana,
uliokwisha kupondeka kabla hatujavuka uzio wa kwanza.

Februari. Jalidi ingali imeyauma majani.
Amepiga magoti katika tope la kondoo
kwa ajili ya ua moja jeupe lililoinamisha kichwa
kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe.
"Usipumue, Idwal." Mvuke wangu unaingia pichani.
Nabana pumzi. Ua halina haraka, naye hana.
Subira huvuta heri, husema walioketi karibu na moto;
hii yetu ilivuta mafua, ya wiki mbili.

Aprili, juu ya magenge ya Penfro,
vichaka vya miiba vimewaka manjano ukingoni
na, utakataa nikikwambia, vinanukia nazi.
Nazi, katika nchi isiyojua mnazi!
Harufu haipigiki picha. Alijaribu.
Kisha upepo ukaja na hasira zake kutoka Ireland,
kamera ikataka kuruka kama shakwe,
nikaikumbatia miguu yake hadi magoti yangu yakafa ganzi.
"Sasa ina minne," akasema, jicho lingali kwenye lenzi,
na siku ya soko kijiji kizima kikaniita hivyo.

Julai hatutoki mchana. Jua la saa sita
hulamba vivuli vyote, likaacha nchi kama sahani iliyooshwa.
Twaondoka saa kumi alfajiri, umande ukitulowesha hadi mapajani,
kumvizia ndege mnene mwenye domo la rangi tatu
anayerudi kwake na dagaa wamemning'inia kama masharubu.
Picha arobaini: thelathini na tisa ni mkia,
ya arobaini ni bahari, mahali alipokuwa.
Tegwen alicheka hadi akakaa kitako bila kuangalia anakaa wapi.
Nilifua suruali ile mara tatu.

Oktoba, bamvua. Maji yamekwenda mbali,
mwani umelala juu ya mawe kama nywele zisizochanwa,
na chini ya genge, kwenye kokoto,
mwana wa sili, mweupe, wa siku tatu labda,
analia kwa sauti inayokaribia mno ya mtu.
Tulilala kifudifudi. Nikaikunjua miguu mitatu, kimyakimya.
Huko majini kichwa cheusi kilizama, kikaibuka,
kikatutazama sisi, si mtoto.
Kikazama. Kikaibuka. Sisi tena.
Tegwen akarudisha kifuniko cha lenzi.
"Haji tukiwa hapa."
Tukarudi nyuma kwa viwiko, kama wezi walioghairi.

Sasa ni Desemba, mvua inalipiga dirisha la jikoni kwa ubavu.
Ameutandaza mwaka mezani, picha kwa picha,
nami naona tu nilichoharibu:
kivuli changu kirefu juu ya mchanga wa Machi,
ncha ya kiatu changu kando ya uyoga,
na kushoto kwa lile ua jeupe, kaukungu kadogo
ambako ni mimi, nikishindwa kubana pumzi.
"Mbona hukunikata?"
Anachukua kikombe chake, anakiweka taratibu
penye pengo la Oktoba.
"Nikukate, nani atajua upepo ulitoka wapi?"

Sina jibu. Naifuta miguu mitatu kwa kitambaa kikavu;
chumvi imeila skrubu moja.
Kesho maji yanakupwa saa mbili asubuhi.
Glavu ya kushoto siioni.